Kutazama molekuli moja ikimenyuka: mwongozo kwa mwanafunzi wa Kahawa Sukari

Mwongozo huu ni wako wewe unayesomea kemia, biokemia au fizikia, uliyepanga chumba Kahawa Sukari kwa sababu Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU) kiko ng'ambo tu ya barabara kuu ya Thika, au kwa sababu matatu za kwenda JKUAT pale Juja hazikawii kupatikana. Una laptopu na daftari. Mashine ya kupima umeme mdogo wa kiwango cha pikoampea huna. Anza hivyo hivyo. Naamini kabisa kwamba anayejifunza kusoma mchoro wa mkondo kabla ya kuigusa mashine huenda mbali kuliko anayekabidhiwa mashine kwanza, na sababu zangu utakutana nazo njiani.

Kinachotazamwa

Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, yule yule anayetuletea majipu, hutoa sumu ya protini inayojulikana kama alfa-hemolisini. Vipande 7 vya protini hiyo hukutana juu ya utando wa seli, vikajiunga duara, vikautoboa. Umbo la tundu hilo lilipatikana kwa miale ya eksirei mwaka 1996: sehemu pana juu, bomba jembamba chini, urefu wote kama nanomita 10, na mahali palipobana zaidi pana upana wa nanomita 1.4 hivi. Kwa chembe nyekundu ya damu, tundu hilo ni kifo. Kwa mkemia ni chombo cha maabara kinachotosha molekuli moja.

Sasa chukua vyumba viwili vidogo vya maji ya chumvi, uvitenganishe kwa utando wa lipidi. Umeme haupiti. Tundu moja likiingia kwenye utando, ioni za potasiamu na za kloridi zinaanza kuvuka. Ukitumia potasiamu kloridi ya mola 1 kwa lita na volteji ya milivolti 100, utasoma mkondo wa pikoampea 100 hivi. Ni umeme kiduchu, lakini ukiuhesabu kwa ioni ni zaidi ya milioni 600 kila sekunde. Hapo ndipo ilipo siri ya mbinu hii. Molekuli moja ikijishikiza ukutani ndani ya tundu, mamilioni ya ioni yanakosa nafasi, na mkondo unashuka papo hapo.

Fikiria umesimama kwenye daraja la wapita-njia la KU, jioni, ukiwa umekingwa usione upande wa Githurai. Lori likikwama huko, hulioni, ila magari yanayokufikia yanapungua ghafla. Likivutwa kando, yanafurika tena. Kwa saa yako ya mkononi unaweza kuandika lori lilikwama lini na liliondoka lini, na kwa idadi ya magari yaliyobaki unaweza hata kukisia lilikuwa kubwa kiasi gani. Mchoro wa mkondo unakupa mambo hayo hayo matatu kuhusu molekuli: imeshika lini, imeachia lini, imeziba kiasi gani.

Katika chupa ya kawaida hupati hata moja kati ya hayo. Tone la mchanganyiko lina molekuli nyingi kupita hesabu, kila moja iko katika hatua yake, na kipimo chako kinazijumlisha zote kuwa wastani mmoja. Ndani ya tundu ni moja kwa moja, zamu kwa zamu.

Aseniki na salfa

Mfano wa kuanzia nao ni kazi ya Hagan Bayley na wenzake walipokuwa Texas A&M, Marekani, kabla Bayley hajahamia Oxford mwaka 2003. Alfa-hemolisini ya asili haina hata sisteini moja, yaani haina ile asidi amino yenye ncha ya salfa inayopenda kuungana na vitu vingine. Hiyo ni bahati kubwa. Ina maana kwamba ukibadilisha jeni na kupachika sisteini mahali pamoja tu, kwa mfano nafasi ya 117 ambayo inaelekea ndani ya bomba, na ukahakikisha ni kipande kimoja kati ya vile 7 chenye badiliko hilo, basi tundu zima lina salfa moja tu inayoweza kumenyuka. Hakuna mahali pengine pa kukudanganya.

Mwaka 2002 kundi hilo lilitangaza matokeo yake: waliweka majini kiungo chenye aseniki, wakaona mkondo ukishuka kila aseniki ilipojifunga kwenye salfa hiyo, na kupanda ilipojifungua. Kifungo halisi cha kemikali kikafungwa na kufunguliwa mbele ya macho yao, molekuli moja baada ya nyingine, mara kwa mara katika tundu lile lile.

Usiudharau mfano huu kwa kudhani ni kemia ya ughaibuni. Mapenzi ya aseniki kwa salfa yameandika kurasa nzito za Afrika Mashariki. Majosho ya ng'ombe ya enzi za ukoloni yalitiwa aseniki kuua kupe. Melarsoprol, dawa ya malale iliyoanza kutumika mwaka 1949, ni kiungo cha aseniki. Humuua kimelea kwa kushika salfa zake, na kwa miongo mingi ndiyo iliyotegemewa malale ilipofika kwenye ubongo. Lakini binadamu naye ana salfa katika protini zake. Takriban mgonjwa 1 kati ya 20 waliopewa dawa hiyo aliuawa na dawa yenyewe. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeondokana na malale kama tatizo la afya ya umma, na pamoja na furaha ya habari hiyo, ni vyema mkemia kijana ajue kifungo kilichowaponya na kuwaua wazee wetu ndicho hiki hiki kinachoonekana kikifungwa ndani ya tundu.

Kwa sababu hiyo pia, usiingize aseniki chumbani mwako kwa vyovyote. Alfa-hemolisini nayo ni sumu. Vyote viwili ni vya maabara yenye msimamizi, glavu na utaratibu wa kutupa taka.

Zoezi la laptopu peke yake

Hili ndilo ninalotaka ulipe muda zaidi kuliko yote. Fungua programu yoyote ya lahajedwali. LibreOffice ni ya bure na haihitaji intaneti ikishapakuliwa. Safu ya kwanza itakuwa muda ambao tundu liko wazi likisubiri molekuli. Andika:

=-3*LN(1-RAND())

Safu ya pili ni muda ambao molekuli imejifunga:

=-1.2*LN(1-RAND())

Teremsha kanuni zote mbili hadi mstari wa 400. Kisha nakili safu zote na uzibandike kama thamani tupu, la sivyo programu itabadilisha namba zako kila ukigusa kitufe. Nimeweka 1-RAND() badala ya RAND() kwa sababu RAND inaweza kutoa sifuri, na logi ya sifuri haipo.

Umejitengenezea matukio 400 ya mmenyuko wa kubuni, ambapo tundu husubiri kwa wastani wa sekunde 3 na kifungo hudumu kwa wastani wa sekunde 1.2. Namba hizo mbili nimezichagua mimi kwa ajili ya zoezi tu. Sasa zichunguze.

Kwanza panga safu ya pili kutoka ndogo hadi kubwa na uisome kwa macho, taratibu. Utashangaa. Hakuna msongamano kwenye 1.2. Nusu ya vifungo vimevunjika kabla ya sekunde 0.83 hivi, vingi mno vimedumu kitambo kidogo tu, na kama 20 kati ya 400 vimepita sekunde 3.6. Ungepewa vile 20 peke yake ungesema ni kemikali nyingine. Si nyingine. Hivi ndivyo mmenyuko wa hatua moja ulivyo: kifungo kilichodumu sekunde 5 hakijachoka, na uwezekano wake wa kuvunjika katika sekunde ijayo ni ule ule wa kifungo kilichofungwa sasa hivi. Mwalimu alikuandikia ubaoni kwamba kasi ya mmenyuko ni k mara ukolezi. Hapa unaona k yenyewe ni kitu gani: ni uwezekano, kwa kila sekunde, wa jambo kutokea kwa molekuli moja.

Pili, tafuta wastani na mkengeuko sanifu wa safu hiyo hiyo. Zitakaribiana sana. Ukienda kwenye data halisi na ukute mkengeuko ni mdogo sana kuliko wastani, jiulize kama kuna hatua mbili au tatu zilizojificha ndani ya tukio moja. Ukikuta ni mkubwa kuliko wastani, huenda unatazama vifungo vya aina mbili vilivyochanganyika. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na naona watu wengi wanakiruka.

Tatu, chukua wastani wa mistari 20 ya kwanza, halafu wa mistari 100, halafu wa yote 400. Ukubwa wa kosa hufuata 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya matukio: kwa matukio 100 unategemea kosa la asilimia 10, kwa 400 asilimia 5. Ukitaka kulipunguza kosa kwa nusu, lazima ukusanye mara nne. Hili litakusaidia siku utakapopangiwa saa chache za mashine na ukalazimika kuamua utapima hali ngapi.

Nne, ambalo ndilo kiini: weka 1.5 mahali pa 3 kwenye safu ya kwanza. Umeongeza ukolezi maradufu. Kusubiri kumefupika, lakini muda wa kufungwa umebaki pale pale, maana kifungo kikishafungwa hakijui kuna wenzake wangapi majini. Data halisi isipoonyesha hivyo, unachokiona si unachodhani. Kisha hesabu viwango vyako. Cha kuachia ni 1 gawanya kwa 1.2, yaani 0.83 kwa sekunde. Cha kushika, ukijifanya ukolezi wako ulikuwa mikromola 50 na kusubiri ni sekunde 3, ni 1 gawanya kwa (3 × 0.00005), yaani karibu 6,700 kwa mola kwa sekunde.

Ukimaliza, mwombe mwenzako wa chumba cha pili achague wastani mbili kwa siri, akupe safu mbili bila kukuambia namba zake. Zitafute. Halafu akufiche kwenye safu moja vifungo vya aina mbili, uone kama utagundua.

Mchoro halisi una kelele

Mkondo halisi hautulii kwenye mstari ulionyooka. Unatetemeka, na kuutuliza kuna gharama. Ukichuja kwa kilohezi 1, tukio lolote fupi kuliko milisekunde 0.34 hivi litafifia au kupotea kabisa, na kwa kuwa matukio mafupi ndiyo mengi, wastani wako utatoka mrefu kuliko ukweli. Rudi kwenye lahajedwali yako, futa kila kilicho chini ya sekunde 0.2, uone wastani unavyoruka. Huo ni upotofu unaoweza kuurekebisha ukijua upo. Kanuni ya kazi: rekodi kwa kasi isiyopungua mara 5 ya kichujio chako, na andika namba zote mbili pembeni mwa mchoro.

Tazama pia wimbi linalojirudia kila milisekunde 20. Hiyo ni stima ya Kenya Power, hezi 50, inayoingia kupitia waya usiofunikwa vizuri. Si kemia.

Mkondo ukipanda hadi mara mbili ya ulivyozoea, una matundu mawili, na huwezi tena kujua ni lipi limeshikwa, anza upya. Ukishuka hadi karibu na sifuri na kukaa huko, huenda tundu lenyewe limejifunga, jambo ambalo alfa-hemolisini hulifanya hasa volteji ikizidi. Ndiyo maana jaribio la kwanza kabisa, kabla ya lile unalolitamani, ni tundu lisilo na sisteini katika maji yale yale yenye kemikali ile ile. Lisionyeshe tukio lolote. Likionyesha, simama hapo.

Mezani

Ukipata nafasi kwenye maabara yenye chombo hiki, utakuta vyumba viwili vya plastiki vilivyotenganishwa na karatasi ya Teflon yenye unene wa mikromita 25 na tundu la upana wa mikromita 100 hivi. Utando unatengenezwa kwa njia ya Montal na Mueller ya mwaka 1972: tundu la Teflon linapakwa mafuta mepesi ya heksadekani, lipidi inatandazwa juu ya maji, kisha kimo cha maji kinapandishwa taratibu pande zote mbili hadi tabaka mbili za lipidi zikutane. Mikono yako itatetemeka na utando utapasuka mara nyingi. Endelea; hakuna njia ya kujifunza hili kwa kusoma.

Jua umefaulu kwa kupima uwezo wa utando kuhifadhi chaji. Kwa tundu la mikromita 100, pikofaradi 60 hivi ni ishara nzuri. Ikiwa ni ndogo mno, utando ni mnene, una mafuta yaliyobaki, na protini haitaingia.

Mezani patulie. Malori ya Thika Road huitikisa ardhi, na utando wa unene wa nanomita 5 unasikia. Meza nzito yenye mto wa hewa husaidia, sanduku la chuma lililounganishwa na ardhi huzuia umeme wa nje, na saa za usiku, barabara ikipungua magari, huwa na data safi zaidi. Andika joto la chumba kila mara: mkondo hubadilika kwa asilimia 2 hivi kwa kila digrii, na asubuhi ya Julai si sawa na mchana wa Februari. Stima zikipotea katikati, tukio lililokuwa likiendelea litupe, usilikisie.

Kifaa kilichokwisha fika mashambani

Huenda unadhani haya yote yako mbali. Mwaka 2005 kampuni ya Oxford Nanopore ilianzishwa kutokana na kazi hizi, na tangu 2014 watafiti wakaanza kupewa MinION, kifaa kinachotosha kiganjani, chenye njia 512 za kupima mkondo kwa wakati mmoja. Husoma DNA, lakini hebu tazama kinachotendeka ndani: kimeng'enya kinakaa mlangoni mwa tundu la protini na kuuteremsha uzi wa DNA hatua kwa hatua, na kila hatua inalipiwa kwa nishati ya mmenyuko wa ATP. Mkondo unaruka kiwango hadi kiwango, mamia ya hatua kwa sekunde. Unatazama kimeng'enya kimoja kikifanya kazi.

Watafiti wa mihogo walikibeba kifaa hiki hadi mashambani. Laura Boykin, Joseph Ndunguru wa Tanzania, Titus Alicai wa Uganda na wenzao wakiwemo wa Kenya walichapisha mwaka 2019 taarifa ya mashamba matatu, moja katika kila nchi, walikofanya kazi kwa betri bila stima wala intaneti ya uhakika. Tangu kufika shambani hadi kuvitambua virusi vya batobato kwenye majani, mashina, viazi vya muhogo na hata wadudu, walitumia chini ya saa 3. Kilifi nako, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walisoma jenomu 311 za virusi vya korona kutoka pwani ya Kenya, za sampuli za Machi hadi Julai 2020, kwa teknolojia hiyo hiyo ya vitundu.

Unachotakiwa kukifanya ni hiki. Tafuta maabara yoyote chuoni kwako au rafiki aliyeko kwenye taasisi ya utafiti, na uombe faili ghafi za mkondo, si herufi za DNA zilizokwisha kutafsiriwa. Faili hizo huitwa FAST5 au POD5. Ni kubwa, na mara nyingi hufutwa ili kuokoa nafasi, kwa hiyo omba kabla kazi haijaanza na uende na diski yako. Ukikosa, hifadhi za kimataifa kama European Nucleotide Archive zina baadhi yake bure. Pakua kwenye Wi-Fi ya chuo, maana bando lako halitatosha. Chora sekunde 2 tu za mkondo wa njia moja. Tafuta mahali tundu liko wazi, mahali DNA inapoingia, na ngazi baada ya ngazi kimeng'enya kinavyopiga hatua. Pima muda wa ngazi 200 kwa mkono, ukitumia yale uliyojifunza kwenye lahajedwali, kabla hujaiachia programu ikufanyie.

Ripoti yako ya kwanza iwe na volteji, aina na ukolezi wa chumvi, joto, kichujio, kasi ya kurekodi, idadi ya matukio, na ni matukio mangapi uliyoyaacha na kwa nini. Yale yasiyofanana na mengine uyape ukurasa wao, pamoja na saa yalipotokea na namba ya njia, ili msimamizi wako ayatazame kwa macho yake.